Kodi zangu za gitaa zinasikika chapwa, nifanyeje zinoge?

Mcharazaji wa Uyole ameandika:

Wakuu habari za jioni. Nina gitaa kavu, nalipiga mwaka wa pili sasa, nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video na kukaa karibu na wanaojua. Kodi ninazozimudu ni C, G, Am, Em, D na ile F ndogo ya nyuzi nne, maana F ya kubana nyuzi zote bado inanitoa jasho. Kila Alhamisi jioni napigia kikundi cha vijana kanisani, mapambio na nyimbo za kuabudu.

Shida yangu ni kwamba nyimbo zote zimekuwa wimbo mmoja. Tuimbe hii tuimbe ile, mkono wangu unafanya kilekile, G nashuka napanda, C nashuka napanda, Am nashuka napanda, mpaka mimi mwenyewe nachoka kujisikiliza.

Sasa mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka mkoa mwingine akaomba gitaa langu, hilihili lenye nyuzi zilizochoka, akapiga pambio ambalo mimi nalipiga kila wiki na kodi zilikuwa zilezile, nilimkodolea macho vidole mwanzo mwisho, G ilikuwa G na C ilikuwa C, ila kuna vidole vilikuwa vinanyanyuka na kurudi, halafu gumba lake linatembea kwenye nyuzi nene kama kuna mtu mwingine amekaa pembeni anapiga besi. Watu waliimba siku ile mpaka wengine machozi yakawatoka. Nilitaka kumuuliza lakini alikuwa anawahi basi.

Nimejaribu kujifunza kodi zenye majina marefu, zile za namba 9, 11, 13, vidole vikauma, na nilipozipeleka kikundini waimbaji wakapotea sauti, dada anayeongoza akaniomba kwa upole nirudie zangu za zamani. Kwa hiyo naulizia hasa hili: yule mgeni alikuwa anafanya nini, na mtu anaanzia wapi bila kuhamia kodi ngumu? Nawasikiliza.

Gumba Zito ameandika:

Mkuu nimesoma mpaka mwisho na nimefurahi, kwa sababu jibu umeshaliona kwa macho yako: vidole vinanyanyuka na kurudi. Kodi ngumu weka pembeni kwanza.

Unaimba kwaya, basi tuongee kwa do re mi, utaelewa haraka kuliko kwa majina ya Kizungu. Kodi ya kawaida ni sauti tatu tu, do mi so. Ukishika D, do yako ni D, na mi iko uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, freti ya pili (freti ni vile vyumba kati ya vyuma vya shingoni), pale kidole cha kati kilipokaa. Sasa mahali pamoja kwenye wimbo unapopiga D, nyanyua hicho kidole uache uzi wa kwanza wazi. Mi imeondoka, imekuja re. Kirudishe, halafu ongeza kidole cha mwisho uzi huohuo freti ya tatu, hapo mi imepanda kuwa fa. Fa haipendi kukaa pale, inataka kushuka irudi mi, na sikio la kila mtu kanisani linaisubiri ishuke. Ile hali ya kusubiri ndiyo ladha uliyoisikia kwa mgeni wako.

Naandika kwa namba sita kuanzia uzi wa sita, ule mnene, hadi wa kwanza, x maana yake usiuguse, 0 uzi wazi:

D xx0232
D yenye re xx0230
D yenye fa xx0233

Hesabu nne taratibu. Moja na mbili piga D yenye fa, tatu na nne piga D ya kawaida. Kapige hiyo tu leo, mwisho wa mstari kabla hamjarudi G, uone waimbaji watakavyoingia wenyewe bila kuangaliana.

A nayo inakubali mchezo huohuo. A ni x02220, shusha x02200, pandisha x02230. Am ni x02210, nyanyua kidole cha shahada kutoka uzi wa pili inakuwa x02200, irudishe. Ukiangalia utaona A na Am zote zikinyanyuliwa zinafika sehemu moja, hiyo x02200, kwa hiyo unaweza kutoka A kwenda Am kwa kupitia hapo na msikilizaji asijue umevuka saa ngapi.

Kitu cha pili ambacho mimi nilipokipata nilikaa usiku kucha nakipiga. Nyimbo zako nyingi naamini ziko G. Weka kidole cha pete uzi wa pili freti ya tatu, na cha mwisho uzi wa kwanza freti ya tatu, vibandike hapo usivitoe wimbo mzima:

G 320033
C x32033
Em 022033
D xx0233

Vidole viwili vya chini havihami, kazi wanafanya wale wawili wa juu peke yao. Kwa mtu aliye kwenye G, uzi wa kwanza pale unalia do na wa pili unalia so, kwa hiyo kodi zote nne zimefungwa na do na so zilezile zinazolia juu muda wote. Kwenye kwaya mmeshafanya hivi bila kujua, sauti ya pili inashikilia noti moja na wengine wanahama chini yake. Tofauti ya kubadilisha kodi kwa kuruka mkono mzima na kubadilisha kwa staili hii utaisikia hata kwenye gitaa bovu.

Mcharazaji wa Uyole:

Mkuu asante sana, nimejaribu hiyo ya D hapahapa kitandani, mdogo wangu amekuja kuuliza huo wimbo gani mzuri hivyo, na ni D peke yake! Nauliza, kwenye C hiyo yako ya x32033, ile C yangu ya zamani x32010 niiache kabisa au zinabadilishana?

Gumba Zito:

Zinabadilishana, usiiache. Hiyo mpya ina re ndani yake, ukihesabu C kuwa do, ina uwazi fulani, inafaa pale wimbo unapoendelea. Wimbo ukifika nyumbani na watu wanataka kutulia, ya zamani inatuliza vizuri zaidi. Jaribu zote mbili kwenye mstari mmoja halafu sikio liamue.

Dada Nyuzi (Kakamega) ameandika:

Hamjambo ndugu zangu. Gumba Zito ameeleza upande wa vidole vya kushoto vizuri, mimi wacha niseme juu ya lile gumba la mgeni, kwa sababu huko kwetu magharibi mwa Kenya hiyo ndiyo gitaa yenyewe.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, na miezi ya kwanza alinikataza kukwangua nyuzi zote pamoja. Alikuwa anasema gitaa iko na watu wawili ndani, gumba ni mzee na kidole cha shahada ni mtoto, mzee anatembea na mtoto anaimba. Huo ndio upigaji wa omutibo ambao George Mukabi aliupeleka mbali sana kabla hajafariki 1963, gumba inashikilia mwendo, kidole kinacheza wimbo juu, na pembeni kuna mtu anagonga chupa ya soda kwa chuma. Na ukienda mbele hadi Katanga, kule Kongo, kuna mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi pale Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka wa 1952, na huyo mzee alikuwa anatumia vidole viwili peke yake, gumba na shahada. Ukisikiliza bila kuangalia utaapa ni magitaa mawili. Na kodi anazoshika ni hizi zetu za kawaida kabisa, zinashikwa pale shingoni mwa gitaa karibu na vigingi.

Sasa kwa vitendo. Shika C, x32010. Gumba lipige uzi wa tano, kisha shahada ichukue uzi wa pili, gumba uzi wa nne, shahada uzi wa kwanza. Tano, pili, nne, kwanza. Pole pole sana, hata polepole kuliko unavyofikiria, na mguu unagonga chini. Ukienda G gumba linahamia wa sita na wa nne. Am wa tano na wa nne. D wa nne na wa tatu. Gumba lisisimame hata kama shahada imekosea, mtoto akianguka mzee anaendelea na safari, mtoto atamkuta mbele.

Kisha ufundishe gumba njia za kupita. Kutoka G kwenda C hauruki, unatembea: G uzi wa sita freti ya tatu, halafu uzi wa tano wazi, uzi wa tano freti ya pili, na C yenyewe iko hapo freti ya tatu. Yaani mpigo wa kwanza na wa pili ni kodi ya G, wa tatu na wa nne ni hizo noti mbili peke yake bila kodi, na C inaangukia kwa moja. Kurudi unapitia njia ileile kinyume. C kwenda F, uzi wa nne wazi, uzi wa nne freti ya pili, unaingia F freti ya tatu. D kurudi G, uzi wa sita wazi, uzi wa sita freti ya pili, G freti ya tatu. Hizi njia nne ukizijua bila kufikiria, hakuna mtu atakuambia tena nyimbo zako zinafanana.

Na kuna ile ya kushuka ngazi, hii naipenda mpaka naogopa naitumia kupita kiasi. C, kisha G yenye kidole kimoja chini, x20003, kisha Am. Sikiliza nyuzi nene peke yake: freti ya tatu, freti ya pili, wazi, zote uzi wa tano. Besi inashuka do, ti, la kama mtu anateremka mlima na mzigo wake. Ukiwa kwa G unafanya vilevile, G, halafu D yenye besi uzi wa sita freti ya pili, 200232, halafu Em. Nyimbo za kuabudu zenye mwendo wa taratibu zinapenda sana hiyo ngazi, mahali pa toba hasa.

Mzee wa Ridhimu ameandika:

Salaam vijana. Nimepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi miaka mingi, naomba niongeze jambo moja ambalo wapiga gitaa wa kanisani wengi hawaambiwi. Je, kikundini kwenu gitaa ni moja au mawili? Kama ni mawili na wote mnapiga G ileile pale chini, mnabomoa. Mnafanya kelele nene ambayo haina umbo, na waimbaji wanalazimika kupaza sauti.

Kasikilize rekodi za bendi zetu za Dar za miaka ya 1970 na 1980, Sikinde, Msondo, au kule Morogoro Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake la solo. Kuna solo, kuna solo ya pili, kuna ridhimu, kuna besi. Kodi zinazozunguka mara nyingi ni tatu tu, do, fa na so, wimbo mzima wa dakika nane na watu hawachoki. Hawachoki kwa sababu kila gitaa limepewa chumba chake. Mmoja akiwa chini mwingine yuko juu, mmoja akiwa na noti ndefu mwingine anachomeka fupifupi katikati. Tulijifunza kwa Wakongo hiyo, wao kati ya solo na ridhimu wanamweka mtu wa tatu anayeitwa mi-solo, kazi yake ni kuunganisha.

Kwa ninyi wa magitaa mawili kuna njia rahisi sana, kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Wa kwanza apige C, F, G za kawaida bila kapo. Wa pili afunge kapo freti ya tano na apige maumbo ya G, C, D. Zinatoka sauti zilezile C, F, G lakini juu, nyuzi zinalia kama matone. Kama kapo huna, penseli na mpira wa kufungia vinafanya kazi, sisi tulitumia hivyo, kikubwa penseli ilale sawa na mpira uvute kotekote nyuzi zisizime.

Na kama uko peke yako, jifunze kodi hizo tatu kwenye nyuzi tatu nyembamba tu, wa tatu, wa pili na wa kwanza, kwa mpangilio huo:

C 5 5 3
F 5 6 5
G 4 3 3

Angalia vizuri C kwenda F. Uzi wa tatu freti ya tano haubadiliki, ni noti ileile, C. Wengine wawili wanasogea hatua moja moja juu. Kuja G wote watatu wanashuka kidogo. Mkono haurukiruki, ni sauti tatu za kwaya zinasogea kila moja kwenye kiti cha jirani. Zipige kwa kuzikatiza, bonyeza piga achia, bonyeza piga achia, usiziache zilie. Ukiachia vidole bila kuvinyanyua juu ya nyuzi sauti inakatika yenyewe, na hapo ndipo dansi linapozaliwa.

Kisha kuna kutembea na nyuzi mbili, wa tatu na wa kwanza, ule wa kati uzibwe usilie. Kwenye C unateremka hivi, namba ya kwanza uzi wa tatu, ya pili uzi wa kwanza: 9 na 8, 7 na 7, 5 na 5, 4 na 3, 2 na 1, mwisho zote wazi. Utaitambua ukiipiga tu, umeisikia tangu utoto kwenye redio. Chomeka vipande viwili au vitatu vya hiyo pale waimbaji wanapovuta pumzi. Wakiimba nyamaza.

Mpenda Kimya ameandika:

Wakuu mimi naomba kutofautiana kidogo, kwa heshima zote, hasa kwa mzee wetu. Naona tunampa huyu ndugu viungo vingi mno kwa mpigo na shida yake ya kwanza ameitaja mwenyewe: "nashuka napanda, nashuka napanda". Hiyo ni shida ya mkono wa kulia! Mtu anaweza kupiga G na C tupu bila re wala fa yoyote na ukatikisika, kama mkono wa kulia unajua kupumua.

Mimi nafundisha watoto mtaani na zoezi langu la kwanza ni hili. Mkono wa kulia unashuka na kupanda bila kusimama kama bembea, moja na mbili na tatu na nne na, lakini mara nyingine unapita hewani bila kugusa nyuzi. Chini, chini juu, kisha unapita hewani, juu chini juu. Pale kwenye tatu mkono unashuka lakini haugusi kitu, na hilo pengo ndilo linafanya mtu atake kupiga makofi. Baada ya hapo weka nguvu mpigo wa pili na wa nne, ndipo makofi ya mapambio yanapoangukia. Baada ya hapo laza ubavu wa kiganja karibu na daraja la gitaa, nyuzi zizibike nusu, piga beti ya kwanza hivyo kwa sauti ya chini chini, halafu kwenye kiitikio achia kiganja. Kodi hazijabadilika hata moja na wimbo umefunguka kama dirisha.

Kingine, sio kila pambo linafaa chini ya waimbaji. Ulisema walipotea sauti ulipoleta kodi za namba. Haishangazi. Chukua C yenye uzi wa pili wazi, x32000, ni tamu sana ukiwa peke yako, lakini ule uzi wazi ni ti, na kama mwimbaji ameshikilia do palepale, ti na do zinagusana bega kwa bega na asiyezoea anavutwa aanze kuserereka kushuka. Tumia hiyo kwenye utangulizi au wakati wa maombi watu wakiwa kimya. Ile yenye re, x32033, haimsumbui mwimbaji kiasi hicho.

Gumba Zito:

Mpenda Kimya hapo kwenye ti na do umenena, nakubaliana na wewe moja kwa moja, na hata fa yangu kwenye D niongeze tahadhari: angalia wimbo unaimba nini. Kama mwimbaji yuko kwenye mi na wewe umekaa kwenye fa muda mrefu mtagongana. Ipige mahali ambapo sauti imenyamaza au inavuta noti nyingine, do au so. Ila sikubali kwamba viungo vimekuwa vingi, mtu akijaribu kimoja kwa wiki anafika mbali.

Dada Nyuzi (Kakamega):

Kuhusu mkono wa kulia naunga mkono. Lakini ndugu Mpenda Kimya, gumba nalo ni la mkono wa kulia, hatujaachana mbali. Pale Nyanza waliotengeneza benga walichukua namna ya kupiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane, wakaileta kwa gitaa. Kodi ni chache sana kwa benga, na bado mtu hukaa tu kitini inamshinda. Kazi yote iko kwa vile nyuzi zinadonolewa moja moja na zinavyojibizana na mwimbaji.

Pia nimekumbuka, kuna kugonga. Shika C, lakini nyanyua kidole cha kati kutoka uzi wa nne, piga uzi wazi, halafu papo hapo kigonge kirudi freti ya pili kwa nguvu bila kupiga tena kwa mkono wa kulia. Noti ya pili inajitokeza yenyewe. Uzi huohuo na freti hiyohiyo inafanya kazi kwa Am na kwa Em pia, kwa hivyo ukijifunza kugonga mara moja umepata kodi tatu. Kwa G gonga uzi wa tano freti ya pili.

Mgeni Jukwaani ameandika:

Mimi nasoma tu kimyakimya lakini naomba kuuliza, kuna namna ya kufanya hivi kwenye E? Kikundi chetu kinapenda kuimba E na mimi najua E na A tu, B inanishinda kabisa.

Gumba Zito:

Ndugu yangu una bahati, E ndiyo yenye raha kuliko zote. Shika E ya kawaida, 022100. Sasa lichukue umbo hilohilo la vidole vitatu ulisogeze juu bila kubadilisha kitu, nyuzi wa sita, wa pili na wa kwanza ubaki wazi:

E 022100
A 077600
B 099800

Hizo ndizo kodi zako tatu za wimbo, na hujabana chochote. Nyuzi mbili nyembamba zinaendelea kulia ti na mi zikiwa wazi juu ya zote

Mzee wa Ridhimu:

Gumba, hapo sahihisha kijana wangu. Ukiwa E, nyuzi mbili nyembamba wazi ni B na E, hizo ni so na do, sio ti na mi.

Gumba Zito:

Ni kweli mzee, nimeteleza, so na do. Shikamoo na asante. Mgeni Jukwaani chukua hiyo ya mzee, namba za freti ziko sawa.

Mcharazaji wa Uyole:

Wakuu nimerudi baada ya siku kumi, sikutaka kuandika kabla sijajaribu.

Nilianza na mkono wa kulia kama alivyosema Mpenda Kimya, ile bembea, siku tatu mkono ulikuwa unasimama wenyewe kila ikifika tatu, siku ya nne usiku ikakubali na nilipiga G moja tu karibu nusu saa kwa furaha. Kisha nikaweka vidole viwili vya kudumu. Njia za gumba bado, G kwenda C naweza, D kurudi G nachelewa kidogo na G inanikuta njiani. Zile nyuzi tatu za mzee nimezipenda mno ila kwa sasa nazipiga nyumbani.

Alhamisi iliyopita nilipiga pambio moja tu kwa namna mpya, mengine niliyaacha kama zamani. Beti ya kwanza niliziba nyuzi kwa kiganja. Tulipofika kiitikio nikaachia, na dada kiongozi aligeuka akaniangalia, nikadhani nimekosea, kumbe alikuwa anatabasamu, akawaonyesha kwa mkono warudie kiitikio tena na tena. Nilisikia sauti ya tatu ambayo siku zote inafunikwa. Nimetoka pale nikatembea nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kupanda bajaji.

Maswali mawili. Ile D yenye besi, 200232, uzi wa sita unanguruma kama nyuki, na kidole cha shahada hakitoshi kufika wakati vingine viko kwenye D. Na la pili, nyuzi zangu zina kutu, je zinachangia?

Dada Nyuzi (Kakamega):

Hongera sana ndugu yangu, nimesoma hiyo ya kutembea nyumbani nikafurahi na wewe.

Uzi wa sita ukamate na gumba la mkono wa kushoto kwa juu ya shingo, mjomba wangu na wenzake wote walishika hivyo. Kama mkono wako ni mdogo, acha uzi wa kwanza usiushike wala usiupige, shahada iende uzi wa sita freti ya pili, na ushike wa tatu na wa pili tu: 20023x. Haikosi kitu kikubwa, kwa sababu mi yako sasa iko kwa besi. Kunguruma mara nyingi kidole kimekaa katikati ya freti, kisogeze kikaribie chuma cha mbele.

Mzee wa Ridhimu:

Nyuzi zenye kutu badilisha kijana, tena zote sita pamoja. Uzi uliooza hata tuni haukai vizuri, uzi wazi utasema kweli na freti ya saba itasema uongo, na mambo haya yote tuliyokupa ya kuacha nyuzi wazi zilie na zilizoshikwa yanategemea zikubaliane. Baada ya kufunga mpya zivute kwa mkono taratibu, tuni, vuta tena, tuni tena, mara tatu nne, ndipo zitatulia. Usifunge Alhamisi asubuhi, funga Jumanne.

Mcharazaji wa Uyole:

Sawa mzee, shikamoo. Kesho napita dukani.

Naweka hapa nilichopanga kwa pambio la Alhamisi hii, mnirekebishe kama kuna mahali pabaya. Utangulizi gumba na shahada peke yake. Beti: G 320033, D yenye besi 20023x, Em 022033, C x32033, kiganja kimelala. Mwisho wa mstari D yenye fa mipigo miwili, D ya kawaida mipigo miwili, pale ambapo hakuna anayeimba. Kiitikio naachia kiganja, na kutoka G kwenda C napita ile njia ya gumba. Kodi ya mwisho kabisa nitapiga G ya zamani bila pambo lolote. Kapo freti ya pili, maana akina dada wanaimba vizuri zaidi kwenye A.

Mpenda Kimya:

Iko vizuri sana. Ila kwenye utangulizi usiharakishe.